Neno Nililoliandika Mbele ya Jina la Lutengano

Mjukuu wa dada yangu anasomea maabara. Mwezi uliopita tulikaa jikoni kwangu hapa Iringa tukimenya viazi, akanieleza kwamba kuna watafiti wanaochukua seli za shina, yaani chembe mama zinazozaa mbegu, kwenye korodani za mvulana kabla hajaanza dawa za saratani. Wanazigandisha, wakitumaini kwamba atakapokuwa mtu mzima watamrudishia, nazo zianze kutengeneza mbegu ambazo dawa ziliua.

Nikamuuliza, "Imeshakuwa tiba?"

"Bado, bibi. Wanajaribu."

Nilimpenda kwa lile neno "bado". Mimi nilipokuwa na umri wake nisingelisema. Akaniomba niwaandikie ninyi wenzake wa chuo jambo lolote kutoka katika kazi yangu, nami nimeona niwape hili, ambalo kwa miaka mingi sikupenda kulisimulia. Majina ya wenyewe nimeyabadilisha.

Nilikuwa msaidizi wa maabara kwenye hospitali moja ya Mbeya, miaka ya sabini. Jina langu Leokadia, lakini pale wote waliniita Dada Leo. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lililotazama mlima, na hadubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo cha kujitazamia chini yake, unakielekeza dirishani, mwanga wa jua unapanda kupitia kipimo hadi jichoni. Sasa ninyi mnaoijua Mbeya mwezi wa sita mtaniuliza, jua lenyewe liko wapi? Basi ukungu ukishuka tulikunja mikono tukasubiri. Daktari alikuwa akituma mtu kuuliza majibu, nasi tunamjibu, "Mwambie jua halijaja kazini."

Mkuu wangu aliitwa Bwana Sanga. Mtu mfupi, mpole, anayeongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Alijifunza kazi kabla ya uhuru, kwa kuosha vile vioo vya kuwekea kipimo kwanza, miaka mitatu ya kuosha vioo, mpaka aliporuhusiwa kutazama. Mimi nilikuwa na cheti. Nadhani mnaelewa ninachotaka kusema: nilikuwa na cheti, nikadhani ninajua.

Kipimo cha shahawa kilikuwa shughuli. Wanaume hawakupenda kumkabidhi mwanamke ile chupa. Anakuja mtu mzima, mkulima mwenye mikono kama makasia, anasimama mlangoni, anaiweka chupa juu ya meza huku anatazama dari. "Dada, nimeletewa mzigo na ndugu yangu. Yeye hakuweza kuja." Nami naandika jina la huyo ndugu, na kesho yule yule anakuja kuchukua majibu ya ndugu yake, jasho linamtoka. Mwanzoni nilikuwa nacheka moyoni. Bwana Sanga aliniambia, "Usicheke hata moyoni. Uso unasema."

Mmoja kutoka Chunya aliambiwa mzigo usipate baridi njiani, akautia ndani ya chupa ya chai, chai ikiwemo. Bwana Sanga alitazama kwenye hadubini, akaniambia, "Hizi zimechemshwa."

Lakini baridi ndiyo ilikuwa adui yetu hasa. Wiki yangu ya kwanza niliandika majibu ya watu watatu mfululizo: mbegu zipo, hazitembei. Bwana Sanga akaja, akachukua kioo cha yule wa tatu, akakilaza juu ya kiganja chake, akakifunika kwa kiganja cha pili, akaanza kuniuliza habari za mama yangu, hajambo, mahindi yamefikia wapi. Nikajibu huku nashangaa. Baadaye akakirudisha kioo chini ya hadubini akaniambia nitazame. Zilikuwa zinaogelea kama viluwiluwi. Zilikuwa zimeshikwa na baridi tu. Tangu siku ile nikawa nawaambia wagonjwa, chupa ikae kwapani mpaka unifikie.

Basi siku moja, Bwana Sanga akiwa safarini Chunya kupima makohozi ya wachimbaji, akaja kijana mmoja wa Kinyakyusa, jina lake Lutengano. Alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya mpunga huko Rujewa. Mkewe, Sekela, alibaki kwenye benchi la nje, amejifunika kitenge kwa sababu ya baridi. Huyu hakusema habari ya ndugu. Aliiweka chupa mbele yangu, akasema, "Ni yangu, dada. Tuna mwaka wa tatu kwenye ndoa. Mama anamtazama mke wangu vibaya, nikasema nianze mimi kupimwa."

Wakati ule mwanaume kusema hivyo lilikuwa jambo kubwa. Nililiona, nikalipita. Niliona pia kovu refu upande wa shingo yake, chini ya sikio. Nalo nikalipita. Mimi nilikuwa na chupa ya kupima.

Nikatia tone kwenye kioo, nikatazama. Hakuna. Nikatia la pili. Hakuna. Nikachukua fomu, nikaandika "Hakuna mbegu." Kalamu ilikuwa bado mkononi, na jina lake liko pale juu, nikaongeza neno moja mbele ya jina: "Mgumba." Nikapiga muhuri, nikanakili vilevile kwenye daftari. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji, nao walikuwa na basi la kuwahi, basi nikampa karatasi mkononi. Aliisoma amesimama. Akaikunja mara nne, akasema, "Ndaga, dada," yaani asante kwa kwao, akatoka. Nilimsikia mkewe akiuliza, "Wamesemaje?" Sikusikia jibu.

Bwana Sanga aliporudi alikuwa na desturi ya kusoma daftari lote la siku alizokosekana, mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno. Kidole kikasimama.

"Hii ulizungusha kwenye mashine?"

"Sikuzungusha. Matone mawili yalikuwa matupu kabisa."

"Ulipima mara ngapi?"

"Mara moja."

"Ulimuuliza amewahi kuumwa nini, amekunywa dawa gani?"

Nikatikisa kichwa.

Akavua miwani. "Na hili neno mbele ya jina, Leokadia, uliliona wapi? Nionyeshe. Liko upande gani wa kioo?"

Aliponiita jina langu lote nilijua nimekosa. Akaniambia kwa ile sauti yake ya chini kwamba kazi yetu ni kuandika kilichoonekana, na kisichoonekana tuandike hakikuonekana. Mtu atakuwa nani, hilo halimo kwenye mshahara wetu. Akaandika barua mwenyewe kumwita yule kijana, akaituma kwa dereva wa lori la mpunga.

Lutengano alirudi baada ya mavuno. Safari hii Bwana Sanga alimketisha, akamuuliza habari za lile kovu, naye akasimulia. Miezi michache tu baada ya harusi alivimba tezi shingoni. Walikata kipande, wakasema ni kansa, akapelekwa hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Alitiwa dawa kwenye mshipa, anapumzika, anatiwa tena, kwa miezi mingi. Nywele zote zilianguka, hata nyusi. Uvimbe ukayeyuka. Akarudi Rujewa akapanda trekta, watu wakamshangaa, maana walishaanza kuulizana kaburi liwe wapi.

Tulichukua shahawa, tukaziweka kwenye mrija, tukazungusha ile mashine ya mkono inayoshusha mashapo chini mpaka bega likauma, tukamwaga maji ya juu, tukatazama mashapo yaliyobaki chini. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, vijana. Kama zipo chache sana, zitakuwa kwenye mashapo. Tone la juu litakudanganya. Tulitazama kioo kizima, kona hadi kona, kwa zamu. Hazikuonekana.

Daktari wetu alikuja kumweleza. Alisema zile dawa zinaua vitu vinavyokua haraka. Kansa inakua haraka, lakini nywele pia, na mbegu za mwanaume pia. Ila ndani kabisa ya korodani kuna chembe mama, ambazo ndizo huzaa mbegu kila siku. Kama dawa ziliacha hata chache, zinaweza kuanza upya, pengine baada ya miaka. Kama ziliua zote, basi.

"Na mimi ni yupi?" akauliza Lutengano.

"Hatujui."

"Hakuna kipimo cha kujua?"

"Hakuna. Kuna kusubiri na kupima tena."

Lutengano akatazama mikono yake. "Dada aliniandikia kwamba mimi ni mgumba. Iliniuma, lakini nililala nalo nikalizoea. Sasa mnanirudisha barabarani."

Nilimwambia nimekosea, lile neno sikupaswa kuliandika. Nikamwomba arudishe karatasi. Akasema ameiacha nyumbani, ataileta siku nyingine. Hakuileta, nami nikaona aibu kumkumbusha. Hilo lilikuwa kosa langu la pili, nalo lilikuja kuwa kubwa kuliko la kwanza.

Alikuwa anakuja kila mwaka baada ya mavuno. Anatuletea debe la mchele wa huko bonde la Usangu, ule unaonukia hata kabla haujaiva, na chupa yake kwapani. Mwaka hadi mwaka tukaandika hazikuonekana. Yeye hakuwa mtu wa kulalamika. Alituuliza habari za hadubini kama mtu anayeuliza habari za trekta: hiki kirungu cha nini, ukikaza sana kinavunja kioo? Mara moja nilimwambia asijisumbue kuja tena mpaka tumwite. Akasema, "Kuja ndiko kunakonisaidia kukaa huko nyumbani."

Mwaka wa nne jua lilikuwa zuri. Nilishapita nusu ya kioo nilipoona kitu kinasogea. Nikajiambia ni uchafu, upepo. Nikaondoa jicho, nikalifikicha, nikarudi. Kilikuwa na kichwa na mkia, na kilikuwa kinakwenda. Taratibu, kwa kuyumba, kama mtu aliyetoka kuumwa. Nikamwita Bwana Sanga bila kuinua kichwa, nikiogopa kukipoteza.

Alitazama muda mrefu. "Ni yenyewe," akasema.

"Niandike amepona?"

"Andika imeonekana moja, inatembea."

Tukamwita Lutengano atazame mwenyewe. Alifumba jicho lisilohitajika kufumbwa, tukamrekebisha. Akatazama, mgongo umeinama. Halafu akauliza, "Huyu mmoja anakwenda wapi?" Bwana Sanga, ambaye nilifanya naye kazi miaka saba bila kumsikia akicheka kwa sauti, siku ile alicheka.

Mwaka uliofuata zilionekana kadhaa. Chache bado, lakini hukuhitaji kuzitafuta. Daktari alimwambia haahidi kitu, ila mlango haujafungwa. Baada ya hapo Lutengano hakuja tena, nami nilidhani ni kilimo.

Aliyekuja alikuwa Sekela, peke yake, mimba ya miezi sita hivi, vumbi la njia nzima kwenye kitenge. Alikataa kiti. Nilianza kufurahi, akanizuia kwa mkono.

"Dada Leo, unamjua baba mkubwa wa mume wangu? Huwezi kumjua. Ni mzee wa kanisa, anajua kusoma. Ile karatasi ameikuta kwenye sanduku la Lutengano. Ameisoma mbele ya watu. Mgumba, na muhuri wa hospitali. Wananiuliza mimba ya nani. Jumapili baada ya ibada wanakaa kikao, nirudishwe kwetu Tukuyu."

"Lutengano anasemaje?"

Hapo ndipo sauti yake ilipokatika. "Hasemi kitu. Anakwenda shambani, anarudi, anakula, hasemi kitu. Wengine wakinisema sijali sana. Yeye kunyamaza ndiko kunakoniua." Akajifuta uso. "Sikuja kukulaumu. Nimekuja kwa sababu neno ni la kwako, na wewe ndiye unayeweza kuliondoa."

Nilikwenda kwa Bwana Sanga kuomba ruhusa ya kubeba daftari. Akakataa. Daftari lina habari za watu mia, akasema, halitoki kwa ajili ya mmoja. "Nenda na mdomo wako. Na kabla hujaufungua, mwombe mwenye ugonjwa ruhusa. Akikataa, urudi ulivyokwenda."

Jumamosi nilipanda basi hadi Igawa, nikapata lori la kwenda Rujewa. Nilimkuta Lutengano kwenye mfereji, anaosha matairi ya trekta. Alinisalimu kwa heshima, lakini hakuacha kuosha.

Nikamwambia nilichofuata. Akasema, "Sema tu. Habari zangu wameshazisema wenyewe bila ruhusa." Halafu akaweka ndoo chini. "Dada, mimi nikuulize wewe. Kile kioo chako kinaweza kuniambia mtoto ni wangu?"

Ninyi vijana mna vipimo vya damu na vinasaba. Mimi sikuwa navyo. Nilijua kwamba nikisema ndiyo, nitamwokoa Sekela palepale. Ulimi ulikuwa umeshainuka. Lakini nilikuwa nimeshamwandikia mtu huyu jambo moja ambalo sikulipima, sikuweza kumwongezea la pili.

"Hakiwezi," nikasema. "Kinaweza kusema kwamba inawezekana ni wako. Mwisho wake ni hapo."

"Inawezekana tu."

"Ndiyo. Na mwanzo nilikuambia haiwezekani, nikakosea."

Alisimama akitazama maji. Sikuongeza kitu, na naomba mniamini, kunyamaza pale kulikuwa kugumu kuliko kazi yoyote niliyopata kufanya maabara. Akaokota ndoo, akaendelea na tairi la pili.

Jumapili walikaa uani, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Baba mkubwa alikuwa mtu mrefu, safi, karatasi yangu ameiweka ndani ya Biblia. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kilichoandikwa.

Nikasimama nikawaamkia, nikajitambulisha. Nikasema, "Wazee wangu, mwandiko huo ni wangu. Niliandika hakuna mbegu, na siku ile kweli sikuziona. Lakini hilo neno mgumba sikulipima. Nililiandika kwa ujinga na haraka. Mgonjwa alikuwa ametoka kwenye dawa kali za kansa, nami sikumuuliza. Tulichokiona baadaye, mwenyewe amenipa ruhusa niwaambie: mbegu zilirudi. Chache, lakini hai. Nimeziona kwa macho yangu, na mkuu wangu ameziona."

Baba mkubwa akainua karatasi. "Binti, hapa pana muhuri wa serikali."

"Muhuri ni wa hospitali, baba. Kosa ni langu."

"Kwa hiyo unasema mimba hii ni ya kijana wetu?"

Wote walinitazama. Sekela alikuwa anatazama chini.

"Nasema karatasi hiyo haiwezi kumfukuza mtu. Zaidi ya hapo siwezi kusema."

Minong'ono ikapita. Mama yake Lutengano akasema, "Basi tuko palepale." Nikaona nimemponza Sekela mara mbili, mara moja kwa uongo na mara moja kwa ukweli.

Ndipo Lutengano aliposimama. Hakuwa msemaji, alianza mara mbili akaacha.

"Nilipokuwa Dar," akasema, "hakuna aliyekuja kati yenu. Siwalaumu, ni mbali. Aliyekuwepo ni huyu. Tulikuwa na miezi minne ya ndoa. Nilitapika mpaka nikatapika maji ya kijani, aliyeshika bakuli ni yeye. Nywele zilipoanguka alizifagia kabla sijaamka ili nisizione. Watu walimwambia, binti, bado mdogo, rudi kwenu, huyu anakufa. Hakurudi." Akamgeukia mkewe, siyo wazee. "Mimi ndiye niliyenyamaza wiki tatu. Nilikuwa nasubiri dada huyu aje aniambie. Jana amekuja, amesema hajui. Nimekaa na hilo toka jana, nikaona anayejua nalala naye nyumba moja, na sijawahi kumuuliza. Nikuulize mbele yao, Sekela?"

Sekela akainua uso. "Uliza."

"Ni wangu?"

"Ni wako."

"Basi ni wangu," akasema Lutengano, akaketi.

Baba mkubwa akaikunja ile karatasi. Halafu akasema kikao kimekwisha, wanawake watazame chakula. Hakuomba radhi siku ile. Niliambiwa aliomba baadaye, kwa njia ya wazee, kwa kumpelekea Sekela ng'ombe wa maziwa wakati wa kujifungua.

Walipata mtoto wa kike. Hawakupata mwingine, na hakuja tena kupima. Wataalamu wa leo wangependa kujua zile chembe zake ziliendelea au zilikoma, nami pia ningependa kujua. Lakini hakuwa daftari langu, alikuwa mtu, na alikuwa na mambo yake ya kufanya.

Mara ya mwisho nilipowaona ilikuwa msimu wa mvua, pale pale maabara. Mtoto alikuwa na miezi minane hivi, ana homa, daktari ameandika apimwe malaria. Sekela alimpakata vizuri, akamshika mkono, akanipa kidole chake. Lutengano alisimama nyuma yao, huyu ambaye alichomwa sindano miezi na miezi bila kupiga kelele. Nilipochukua ile sindano ndogo alianza kuhema. Kabla sijamgusa mtoto akageuka, akatoka nje haraka, akasimama kwenye mvua ameziba masikio. Mtoto alilia kidogo tu. Aliyepata shida kutulia ni mama yake, maana alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka, na tulilazimika kumsubiri amalize ndipo niweze kulishika tone la damu.